Kitanzi na Kalamu: Historia ya Adhabu ya Kifo Kando ya Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na nchi nne zinalichangia: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kutoka Katubuka, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hadi ufukweni ni mwendo mfupi, na siku anga likiwa safi milima ya Kongo huonekana ng'ambo. Dagaa, mawese na vitenge vimevuka maji haya tangu zamani bila kujali sana bendera ya nani inapepea wapi. Sheria ya jinai ndiyo inayojali. Mtu akiua kwa kukusudia upande wa Kigoma na kosa likathibitika, jaji hana hiari: ni kunyongwa hadi kufa. Bujumbura adhabu hiyo haipo tangu mwaka 2009. Mpulungu, upande wa Zambia, haipo tangu mwisho wa mwaka 2022. Upande wa Kalemie na Uvira ilikuwa imelala kwa zaidi ya miaka 20, kisha serikali ya Kinshasa ikaiamsha Machi 2024.

Ziwa moja, na serikali nne zimejibu kila moja kivyake swali lile lile: je, dola iwe na haki ya kumuua raia wake aliyeua?

Ulimwenguni mjadala huu huelezwa kama ugomvi wa kambi mbili. Wahafidhina husema damu iliyomwagwa inadai uzito unaolingana nayo, kwamba hofu ya kifo huzuia wauaji, na kwamba serikali isiyoadhibu kwa ukali huwaachia wananchi wajichukulie sheria mkononi. Waliberali husema uhai si mali ya serikali, kwamba mahakama hukosea na aliyekwisha kunyongwa haombwi radhi, na kwamba kitanzi huwapata zaidi maskini wasio na wakili wa kueleweka. Nchini Marekani kambi hizo zimejipanga kivyama: wanachama wengi wa Republican huitetea adhabu hiyo, na chama cha Democratic kiliandika katika ilani yake ya 2016 kwamba kinataka ifutwe. Hata huko mstari haukunyooka. George Ryan, gavana wa Illinois kwa tiketi ya Republican, aliwaondolea adhabu ya kifo wafungwa wote wa jimbo lake Januari 2003, baada ya kubainika kwamba watu 13 waliokuwa wamehukumiwa kufa katika jimbo hilo walistahili kuachiwa.

Kwetu mgawanyiko huo haukuwahi kukaa ndani ya vyama. Umepita katikati ya serikali, mahakama na dini zetu, na mara nyingine katikati ya kifua cha mtu mmoja. Ndiyo maana historia yake inafaa kusimuliwa kuanzia mwanzo.

Miti ya Wajerumani

Wajerumani walikuja na serikali iliyonyonga hadharani. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, na mahali pale pakabaki na jina la Mwembe Kinyonga. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipoanza, na tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa kwa makumi mjini Songea. Katika kipindi hicho hicho bendera ya Ujerumani ilifika kwenye ziwa letu: Ujiji, mji mkongwe wa misafara, uliwekewa kituo cha kijeshi mwaka 1896.

Mwaka huo wa 1896 ndio uliozusha ugomvi wa kwanza wa kisiasa juu ya kunyonga watu katika nchi hii, na ulizuka Berlin. Carl Peters, mtu aliyetembeza mikataba ya kulaghai machifu wa Bara, alikuwa kamishna huko Kilimanjaro. Mwishoni mwa 1891 alimnyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk, na mwanzoni mwa 1892 akamnyonga Jagodja, mwanamke aliyekuwa akimweka kama suria. Machi 1896 August Bebel, kiongozi wa chama cha Social Democratic, aliyaanika mauaji hayo bungeni. Marafiki wa Peters wa mrengo wa kihafidhina, Otto Arendt akiwa mstari wa mbele, walimtetea kwa hoja ya usalama na heshima ya dola: afisa aliye peke yake porini hana budi kuwa mkali. Bebel na wenzake walijibu kwamba hukumu bila sheria ni mauaji, awe nani aliyeitoa. Mwaka 1897 Peters alifukuzwa kazi kwa aibu. Kaiser Wilhelm II alimrudishia cheo chake baadaye, na mwaka 1937 Hitler alimsafisha kabisa ilhali Peters mwenyewe alikwisha kufa.

Mwezi mmoja baada ya hotuba ya Bebel, Aprili 1896, amri ya Kansela wa Ujerumani ilielekeza kwamba hukumu ya kifo dhidi ya Mwafrika ipate kwanza idhini ya gavana. Tangu hapo, katika nchi hii, kati ya jaji na kitanzi pamekaa kalamu ya mkuu wa nchi. Wakati wa vita hapakuwa na subira ya namna hiyo, kama Songea ilivyoshuhudia. Lakini utaratibu huo wa kalamu ulidumu kuliko Wajerumani wenyewe, na ndio uzi wa habari yote inayofuata.

Sheria ya Mwingereza

Waingereza walipoichukua Tanganyika walileta mkusanyiko wa sheria uliokuja kuwa Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ambayo leo ni Sura ya 16 ya sheria zetu. Kifungu cha 197 kiliamuru kwamba anayepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia ahukumiwe kifo. Jaji alikaa na wazee wa baraza, wakatoa maoni yao kuhusu ushahidi, lakini maoni hayo hayakumfunga. Hatia ikishathibitika, si jaji wala wazee walioweza kupima kama muuaji alichokozwa au alikuwa mgonjwa wa akili kwa kiasi kisichofikia wazimu wa kisheria, wala kama alikuwa kijana aliyeburutwa na wakubwa zake. Huruma yote ilihamishiwa kwenye meza ya gavana.

Kwa miongo mingi kesi za mauaji za Kigoma zilisikilizwa na majaji wa Mahakama Kuu waliotoka Tabora kuja kufanya vikao, na washtakiwa walikaa mahabusu wakisubiri kikao. Mahakama Kuu yenye kituo chake Kigoma ni jambo la miaka ya karibuni tu.

Waingereza wenyewe hawakuendelea na sheria waliyotuachia. Mwaka 1965 mbunge wa Labour, Sydney Silverman, alifanikisha muswada wa kusimamisha kitanzi kwa kosa la mauaji, na mwaka 1969 usitishaji huo ukafanywa wa kudumu. Wabunge waliachiwa wapige kura kwa dhamiri zao. Margaret Thatcher, mhafidhina kuliko wengi, alipiga kura ya kukirudisha kitanzi, lakini mwaka 1983, chama chake kikiwa na wingi mkubwa bungeni, Bunge lilimkatalia. Tanganyika huru ilikuwa na miaka minne tu Waingereza walipoiweka kando sheria hiyo kwao. Sisi tulibaki nayo.

Usumbura, 1961

Upande wa kaskazini wa ziwa kitanzi kiliingia katika siasa ya uhuru moja kwa moja. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Burundi kwa wiki mbili hivi, alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Nyuma yake walisimama viongozi wa chama pinzani cha PDC, wakiwamo ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, watoto wa Chifu Baranyanka.

Ubelgiji, ambayo kwao adhabu ya kifo kwa mauaji ya kawaida ilikuwa haitekelezwi tena kwa desturi ya miaka mingi, ilimuua Kageorgis kwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru wa Burundi. Wengine walikuwa wamepewa vifungo. Serikali mpya ya Burundi haikuridhika, ikaifungua kesi upya, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano walinyongwa Gitega mbele ya umati, Ntidendereza na Biroli wakiwa miongoni mwao.

Hasira ya Warundi ilikuwa ya haki. Walikuwa wamenyang'anywa kiongozi aliyewaunganisha. Lakini vifo vile havikuzima moto. Mwaka 1965 Burundi iliingia katika mapinduzi yaliyoshindwa na visasi, na mwaka 1972 mauaji makubwa yalisukuma maelfu kwa maelfu ya watu kuvuka mpaka kuja Kigoma. Sisemi vitanzi vya Gitega ndivyo vilivyoleta hayo. Nasema havikuyazuia, ingawa walioshuhudia siku ile waliahidiwa kwamba haki imetendeka na ukurasa umefungwa.

Mwalimu na kalamu yake

Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilirithi kifungu cha 197 na ikakitumia. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 mkulima wa Isimani, Saidi Mwamwindi, alimpiga risasi Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyekwenda shambani kwake kusimamia siasa ya ujamaa vijijini. Utetezi ulidai kwamba Mwamwindi alichokozwa kupita kiasi na kwamba akili yake haikuwa sawa. Mahakama Kuu ilimkuta na hatia, na akanyongwa. Watu wengi wa Iringa walimhurumia. Wengi serikalini waliona kwamba kumwachia kungekuwa kuruhusu kila mwenye shamba amuue kiongozi. Rais alikubaliana na hao wa pili.

Mwalimu huyo huyo alikwenda upande mwingine katika suala la Zanzibar. Mwaka 1969 Kassim Hanga na Othman Shariff walikabidhiwa kwa serikali ya Zanzibar kutoka Bara, na huko waliuawa. Sheikh Abeid Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Abdulrahman Babu na wenzake waliwekwa kizuizini Bara. Mwaka 1974 mahakama ya Zanzibar ilimhukumu Babu kifo bila yeye kuwapo. Safari hii Mwalimu hakumtoa. Babu alikaa kizuizini hadi 1978, kisha akaachiwa akiwa hai. Aliyeona matokeo ya 1969 hakutaka yajirudie.

Hapo tunaona jinsi maneno ya mhafidhina na mliberali yasivyomtosha kiongozi wa kwetu. Mtu mmoja alisaini kifo cha mkulima kwa ajili ya utulivu wa nchi, na mtu huyo huyo alikataa kumpeleka mwanasiasa mahali alipojua kitanzi kinamngoja. Maisha ya watu yalitegemea hali ya moyo wa mtu mmoja katika mwaka fulani, na mtu huyo hata awe na nia njema kiasi gani, hiyo si haki ya kisheria.

Dodoma na Dar es Salaam, 1994 na 1995

Mwaka 1984 Katiba iliongezewa Haki za Binadamu, na kuanzia Machi 1988 wananchi waliweza kuzidai mahakamani. Jaji James Mwalusanya ndiye aliyezichukua kwa uzito kuliko wengi. Tarehe 22 Juni 1994, akiwa Dodoma, alitoa uamuzi katika kesi ambayo wanasheria wanaiita kesi ya Mbushuu. Washtakiwa wawili walikuwa wamepatikana na hatia ya mauaji. Jaji Mwalusanya aliandika kwa kirefu jinsi kunyongwa kunavyofanyika, miaka ambayo mtu hukaa akisubiri asijue ni asubuhi gani ataitwa, na jinsi washtakiwa wengi walivyo maskini wanaopewa wakili dakika za mwisho. Akahitimisha kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inadhalilisha utu, na inavunja Katiba. Akawapa kifungo cha maisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jaji nchini Tanzania kusema hivyo.

Jamhuri ilikata rufani. Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitoa jibu lake, lililoandikwa na Jaji Augustino Ramadhani. Inafaa lisomwe kwa makini, kwa sababu halikuwa jibu la mtu asiyejali. Mahakama ilikubali kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na inadhalilisha. Kisha ikasema kwamba ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma, na kwamba hakukuwa na uthibitisho wa kutosha kuonyesha kwamba kifungo cha maisha kingelilinda taifa vilevile. Kuamua kama jamii bado inaihitaji adhabu hiyo ni kazi ya jamii yenyewe kupitia Bunge. Kitanzi kikabaki.

Miezi minne hivi baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliisoma kesi hiyo ya Tanzania katika shauri la Makwanyane, ikaipima, na ikachagua njia ya Mwalusanya: kitanzi kikafutwa. Jaji Ramadhani baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, akawa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuanzia 2014 hadi 2016, na alikuwa pia kasisi wa Anglikana. Uamuzi wake wa 1995 ulikuwa na heshima moja ambayo haijatendewa haki: aliwaambia wabunge kwamba mzigo ni wao. Miaka imepita zaidi ya 30 na Bunge halijaubeba.

Kigoma na uchungu wa 2009

Wapo wanaodhani kwamba anayetaka muuaji anyongwe ana moyo mgumu. Mwenye dhana hiyo arudi kwenye miaka ya 2007 hadi 2009 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi. Watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa, wakikatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina na tamaa ya utajiri. Kigoma haikupona. Kabanga, wilayani Kasulu, shule ya watoto wenye mahitaji maalumu iligeuka kimbilio la watoto waliotolewa majumbani mwao ili wasiuawe. Wazazi walilala wakisikiliza mlango.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwenyeji wa Mpanda upande wetu huu wa magharibi, alisema kwamba anayekutwa akimuua mtu mwenye ualbino naye auawe. Wabunge wa upinzani na watetezi wa haki za binadamu walimshutumu kwamba anaruhusu watu kujichukulia sheria mkononi. Mwisho wa mwezi huo alisimama bungeni Dodoma kujieleza, akaeleza aliyoyaona katika ziara yake, na akalia. Machi mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alianzisha kura ya siri ambayo wananchi walitumia kuwataja wanaowashuku. Septemba Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina hiyo.

Machozi ya Pinda yalikuwa ya kweli, na hasira ya wazazi ilikuwa ya kweli zaidi. Serikali iliyoshindwa kuwalinda watoto wale ilidaiwa angalau iwaadhibu waliowaua. Hoja ya kihafidhina kwetu huanzia hapo, na inastahili kuheshimiwa. Lakini tuangalie kilichotokea baadaye. Waliohukumiwa Kahama walihukumiwa kufa chini ya sheria ambayo hakuna Rais aliyeitekeleza tangu 1994. Kilichopunguza mauaji yale ni ulinzi wa vijiji, msako wa polisi, majina yaliyoandikwa kwa siri na kelele za taifa zima. Muuaji huogopa kukamatwa, na mahali ambapo upelelezi ni dhaifu, adhabu kali kitabuni haimtishi.

Dini zetu nazo hazikukaa upande mmoja. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, na katika sheria ya Kiislamu kisasi ni haki, lakini ni haki ya ndugu wa aliyeuawa, ambao wana hiari ya kusamehe au kupokea dia, na kusamehe kunasifiwa. Kifungu cha 197 hakiwaulizi ndugu chochote. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi Kasulu na Kibondo, Papa Fransisko aliibadilisha katekisimu Agosti 2018 na kutamka kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Sheria yetu ya sasa haimfuati shehe wala haimfuati paroko. Inamfuata Mwingereza wa mwaka 1930.

Marais wasiosaini

Watu wa mwisho kunyongwa Tanzania walinyongwa mwaka 1994, mwaka ule ule wa hukumu ya Mwalusanya. Benjamin Mkapa alikaa Ikulu miaka 10 bila kumnyonga mtu. Kikwete vivyo hivyo. John Magufuli, ambaye hakuna aliyemwita laini, alisema waziwazi Septemba 2017, siku alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, kwamba hataki kuletewa majina ya watu wa kunyongwa kwa sababu anajua ugumu wa kutekeleza jambo hilo. Desemba 9 mwaka huo, katika sherehe za Uhuru, alitoa msamaha uliowahusu pia wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kifo. Katika Umoja wa Mataifa, azimio la kusitisha adhabu ya kifo lilipopigiwa kura, Tanzania ilizoea kutokusema ndiyo wala hapana.

Wengi husema hali hii inatosha: sheria ipo iwatishe watu, Rais hasaini, hakuna anayekufa. Tumfikirie mfungwa. Jaji amemwambia kwamba atanyongwa. Rufani imekataliwa. Anaishi katika sehemu ya gereza iliyotengwa kwa wanaosubiri kufa, bila kazi ya kujifunza, mwaka wa 5, wa 12, wa 20, akijua kwamba Rais ajaye anaweza kuwa na moyo tofauti na wa leo. Katika chumba kingine cha gereza hilo yumo mtu asiye na hatia ambaye mahakama ilimkosea, kwa sababu hakuna mahakama isiyokosea. Na ndugu wa aliyeuawa nao wameambiwa haki itatendeka, halafu hawaoni kinachotendeka. Hakuna kambi yoyote, ya wahafidhina wala ya waliberali, inayopata inachotaka.

Uganda ilitambua ubaya huo mapema. Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba, na kwamba mtu akisubiri zaidi ya miaka mitatu baada ya rufani ya mwisho, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata mkondo huo Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Hapa kwetu wakili Jebra Kambole alikipinga kifungu cha 197 mahakamani, na Julai 2019 Mahakama Kuu ilimkatalia. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania iiondoe katika sheria zake. Siku chache kabla, serikali ilikuwa imewasilisha barua ya kuwaondolea wananchi ruhusa ya kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Julai 2023 tume ya haki jinai iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi ripoti yake. Ilipendekeza kwamba kifo kisiwe adhabu pekee ya mauaji, na kwamba hukumu isiyotekelezwa kwa miaka mitatu igeuzwe kuwa kifungo cha maisha. Waliotoa ushauri huo si wanaharakati. Ni watu waliotumia maisha yao ndani ya mahakama na vyombo vya dola.

Ng'ambo ya maji

Wenzetu wa ziwani hawakusubiri. Pierre Nkurunziza, ambaye mwaka 1998 mahakama ya Burundi ilimhukumu kifo akiwa msituni na waasi, alikuja kuwa Rais, na Aprili 2009 sheria mpya ya adhabu chini ya utawala wake ilikifuta kifo. Zambia ilinyonga watu wanane kwa mkupuo Januari 1997, kisha marais wake wakaacha kusaini kama wetu, hadi Hakainde Hichilema aliposaini sheria ya kuifuta adhabu hiyo tarehe 23 Desemba 2022. Zambia ilikuwa mahali tulipo sisi leo, na ikatoka kwa njia ya Bunge.

Kongo inatuonyesha hatari ya kuacha sheria ilale bila kuifuta. Laurent Kabila, ambaye miaka ya 1960 alipigana kwenye milima inayotazamana na Kigoma wakati Che Guevara alipovuka ziwa kutoka mji huu Aprili 1965, aliingia madarakani mwaka 1997 na kuunda mahakama ya kijeshi iliyowapiga risasi watu wengi. Yeye mwenyewe aliuawa tarehe 16 Januari 2001. Walioshtakiwa kwa mauaji yake walihukumiwa kifo Januari 2003, akiwamo Kanali Eddy Kapend, lakini kuanzia mwaka huo utekelezaji ulisitishwa, na Kapend aliachiwa kwa msamaha Januari 2021. Kusitisha hakukuwa kufuta. Machi 2024, vita vya waasi wa M23 vikiwa vimepamba moto, waraka mmoja wa Waziri wa Sheria ulitosha kuondoa usitishaji wa miaka 20. Tarehe 30 Septemba 2025 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, bila yeye kuwapo, Joseph Kabila, mtoto wa Laurent, aliyekulia Tanzania na aliyekuwa Rais wa Kongo kwa miaka 18. Sheria iliyoachwa imelala iliamka ikiwa chombo cha siasa.

Tunachopaswa kudai

Anayependa utulivu na anayependa haki za binadamu wanaweza kukutana hapa. Kifungo cha maisha humtoa muuaji katika jamii, humfanya alipie alichofanya kila siku ya uhai wake, na huacha mlango wa kusahihisha kosa la mahakama. Humpa jaji wa Kigoma nafasi ya kumtofautisha jambazi anayevizia basi katika barabara ya Kibondo na mwanamke aliyempiga mume aliyemtesa miaka kumi. Fedha na nguvu zielekezwe kwa wapelelezi, mashahidi na mawakili wa maskini, kwa kuwa huko ndiko ulinzi wa kweli wa wazee wanaotuhumiwa uchawi na wa watoto wa Kabanga ulipo.

Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilisema uamuzi ni wa wananchi kupitia Bunge. Marais wanne wameonyesha kwa kalamu zao kwamba hawataki kunyonga. Tume ya Jaji Chande imeonyesha njia. Kilichobaki ni muswada wa kurekebisha kifungu cha 197, na wabunge wa Kigoma, ambao wapiga kura wao wanaishi kando ya ziwa lenye majibu manne, ndio wenye sababu ya kuwa wa kwanza kuusimamia. Msomaji wa Katubuka, Ujiji, Kasulu au popote ulipo, mbunge wako akija kukuomba kura, muulize atapiga kura gani siku muswada huo utakapofika Dodoma, na usimpe yako mpaka akujibu.